Pacha wa Vitamini C

Jumatatu, 3 Machi

Kolamu mpya imefungwa kwenye mashine ya maabara. Hatimaye! Kibomba cha chuma, kifupi kama kalamu, ndicho kitakachotutenganishia vitamini C na pacha wake. Atomu zile zile, idadi ile ile, moja tu imegeukia upande mwingine — na mwili karibu haumtambui. Kipimo chetu cha zamani kiliwahesabu wote wawili kama mtu mmoja.

Mkuu wa maabara kaniletea maziwa ya unga ya watoto, nijaribie mashine. Kopo la bluu lenye sungura. Nikacheka, nikamwambia hata Kibonge wangu anakunywa haya haya.

Kibonge analia kila nikimbadilisha nepi. Mama mkwe anasema nimemdekeza.

Jumanne, 4 Machi

Vilele viwili kwenye grafu. Cha vitamini C kidogo, kama kichuguu. Cha pacha — mlima.

Nimekosea. Lazima nimekosea mahali! Nikaandaa sampuli upya, nikaipoza, nikaikinga na mwanga. Yale yale. Nikatia pacha halisi kidogo ndani ya sampuli, nione kilele kipi kitakua. Kikakua kile kile kikubwa.

Nikavunja chupa.

Mkuu alitazama kompyuta, akavua miwani, akaivaa tena. Kopo moja si ushahidi, mdogo wangu, akasema. Usije ukatutia matatani.

Kibonge hataki kusimamishwa. Wiki iliyopita alikuwa anarukaruka mapajani.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimebeba kopo la nyumbani ndani ya mfuko wa nepi. Namba ya toleo si ile ya jana. Nilifurahije! Angalau letu ni zima.

Nikalipima. Si zima.

Nimejifungia chooni, nikafungulia maji ili wasisikie nikilia. Namkorogea mwenyewe kila siku. Nasawazisha kijiko kwa kisu — mtaalamu! Uji anatema, matunda anatema, kopo tu ndilo analolipenda. Na akimaliza chupa nampigia makofi.

Nimerudi na machungwa. Mama mkwe akauliza kwa nini namnywesha mtoto vitu vikali. Nikamfunulia mdomo wa mtoto. Fizi zimevimba, zambarau. Akashika ukuta. Kisha akasema, mwanangu, kesho hospitali.

Hajawahi kuniita mwanangu.

Alhamisi, 6 Machi

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Kibonge yuko ndani na bibi yake, anapigwa picha ya mifupa. Namsikia hadi huku.

Daktari aliuliza anakula nini. Nikamwambia, na nikamwambia maziwa yenyewe nimeyapima. Akaacha kuandika. Amepokea wengine wenye miguu kama hii, anasema — alidhani wameanguka. Mmoja alidhani amepigwa na baba yake! Wetu atapona, dawa ipo, ni vitamini yenyewe. Nikauliza, na wale wengine? Akatoka mbio, hata mlango hakufunga.

Mkuu kapiga simu. Ananong'ona. Wenye kiwanda cha maziwa wako ofisini kwake, na wakili wao. Nisimwambie mtu mpaka maabara nyingine irudie kipimo. Ukifungua mdomo kazi huna, anasema, na mimi pia. Sikumwambia kwamba nimeshaufungua kwa daktari. Nikaitika tu, sawa mkuu.

Mshahara wangu ndio unaolisha nyumba nzima.

Kuna mama hapa pembeni, binti mdogo tu, mtoto wake mchanga kuliko Kibonge. Alitoa kopo mkobani. La bluu. Nikatazama pembeni — Mungu anisamehe, nilitazama pembeni. Akaniomba nimshikie kopo, akachote maji ya moto. Liko mapajani mwangu, nimeliwekea daftari juu.

Anarudi. Anatabasamu. Asante dada, anasema, nipe.

Kanyoosha mkono.

Sijampa.