Nimeuza Karanga Zetu, Mama, na Jina Lako

Mama yangu,

Nimeuza. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana sijui habari za Lodwar zinawafikiaje huko mliko. Jiko, mashine ya kusaga, ndoo, makopo, vyote sasa ni vya Akai, yule aliyekuwa akituletea makaa.

Unakumbuka tulivyoanza, tulipotoka Bungoma? Karanga ziliungua upande mmoja, upande wa pili mbichi, mpaka ukaamua kuzikaanga ndani ya mchanga wa mto Turkwel. Majirani wakasema yule Mluhya amerukwa na akili, anapika mchanga! Lakini ziliiva sawasawa, na siagi yake ilikuwa na harufu ya kumtoa mtu kanisani. Halafu siku ile Kakuma, Nyibol, mteja wako wa kwanza katika kambi ya wakimbizi, aling'ata chembe ya mchanga akapiga kelele sokoni: "Mama Nekesa! Unauzia sisi mto?" Ulicheka hadi ukakaa chini. Tangu hapo kazi ya kuchekecha ikawa yangu, na ulinikagua kama polisi wa barabarani.

Na hukumuuzia mtu kabla hajaonja. Ulimpaka kidogo kiganjani, ukamwambia, "Usinunue jina. Onja kwanza." Jina lako la ubatizo lilipotelea hapo hapo, ukawa Mama Nekesa tu, kuanzia kwa padre hadi kwa watoto wa kambini. Nami nilijivuna, weee! Jina langu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, Lodwar hadi Kakuma.

Mwaka jana ulipolazwa ulinishika mkono ukasema, "Nyanya yako haoni tena. Usimwache peke yake." Niliitikia upesi, nikidhani utapona twende wote. Sasa nyanya kule Bungoma anapapasa ukuta akitafuta mlango, na joto la huku haliwezi. Nimeahirisha weee, mpaka nimechoka. Watu wananishangaa: serikali ya kaunti ndiyo hiyo imekuja, biashara itanoga, wewe unauza? Niwajibu nini? Ahadi ni deni, mama.

Akai alikuja na sharti lake. "Mashine iko mingi Kitale," alisema. "Mimi nataka jina."

Nilijiuliza: Jina lipi, langu au lako? Nikakubali, kwa sababu bila hilo wateja wangemkimbia. Kisha nikaingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Wiki iliyopita nilimpeleka Kakuma kumwonyesha wateja. Hata ndoo hatujazishusha, nikasikia sauti ya Nyibol kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama Nekesa!" Nyibol anajua umekufa, alilia nami. Lakini Akai alikuwa ameshampigia simu, akajitambulisha kwa jina lake jipya. Nami nilijua hayo yote. Hata hivyo niligeuka kukutafuta, mama. Nilitafuta kile kitambaa chako cha kijani katikati ya watu.

Akai ndiye aliyeitika, akasalimu kwa Kiturkana chake. "Naam! Ejok!" Akafungua kopo, akampaka kiganjani vile vile ulivyokuwa ukifanya.

Nilikuwa naomba moyoni Nyibol akunje uso. Mungu anisamehe, nilitaka aseme imeharibika, aseme bila wewe haiwezekani. Akalamba, akafumba macho. "Ni ile ile," akasema, akaagiza makopo mawili. Nilimpongeza Akai, nikatabasamu na meno yote nje. Ningefanya nini? Nilimfundisha vizuri mno.

Kesho napanda gari kwenda nyumbani. Nitapita kaburini kwako kabla ya kumwamkia nyanya. Sitakuita Mama Nekesa, kwa sababu hilo sasa lina mtu wa kuliitikia. Nitaita "Mama" tu, kama nilivyokuita kabla sijajua una jina lingine.

Uitike, tafadhali.

Binti yako,
Nekesa