Ufa Katika Bomba

Mpwa wangu mpendwa,

Goti la mama yako limepona na ameanza tena kunigombeza, basi ujue nyumbani ni salama.

Jumanne nilisimamisha uchimbaji wa kisima cha gesi. Huku juu mabomba yalizunguka vizuri, lakini programu uliyotutengenezea, inayokokotoa mwenendo wa mabomba papo hapo, ilionyesha kwamba kilomita tatu chini keekee, ile ncha inayotoboa mwamba, inakwama, inafyatuka, kisha inakwama tena. Meneja akaja mbio.

"Mzee, unachimba au unatazama sinema?"

"Natazama bomba linalotaka kukatika, kijana wangu."

"Nimesema endelea!"

"Basi shika usukani wewe."

Hakuushika. Tulipoyavuta mabomba, moja lilikuwa na ufa wa kuingia ukucha. Sasa, ili amri yake isijulikane, anataka nitie sahihi kwamba nilisimamisha kwa kizunguzungu cha uzee. Nisipotia, kazi sina. Mama yako ananiambia aliye juu mngoje chini. Mimi simngojei mtu. Nimemrudishia karatasi bila sahihi. Nyuma ya karatasi hiyo nimeandika saa, kina na amri yake, neno kwa neno.

Usithubutu kuniombea msamaha kwa meneja.

Mjomba wako,
ambaye bado ni mchimbaji