Mfalme Aliyenyang'anya Mjukuu Wangu

Kefa, uko? Mtoto wa Dedan ameitwa Thalorin. Ndiyo, Thalorin.

Unajua kwetu kijana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake, yaani mimi, Mburu. Leo nimefika Nanyuki na kondoo dume wa kumpokea Mburu mdogo. Thalorin!

Dedan ananieleza mbele ya wakwe zake wote. Ati ni mfalme katika hadithi anayoandika. Ati watu wa milimani walimwita Tha-Alu-Orin, mshika moto. Wakaja watu wa bonde, wenye ndimi nzito, wakalikata jina katikati, na baada ya miaka elfu mbili likabaki Thalorin.

Nikamuuliza, "Hao watu wa bonde wanaishi wapi?"

"Kwa kitabu yangu, baba."

"Na lugha yao ilitoka wapi?"

"Niliitunga mimi."

Kefa, aliitunga yeye! Mburu alikuwa babu ya babu yangu. Hakuna aliyemtunga mezani akinywa chai.

Nikauliza la mwisho: huyo mfalme aliishia wapi? Akasema alifia vitani, bila mtoto. Jina la mtu asiyeacha mtoto, ndilo anapewa mjukuu wangu! Hata Shiro, mama ya mtoto, akamgeukia: "Hiyo hukuniambia."

Nikamrudisha kondoo kwa pikapu. Nikamwambia Dedan, "Huyo mfalme akuletee wake."

Nimefika Naro Moru nikirudi nyumbani, Shiro amepiga simu. Anasema cheti cha kuzaliwa bado hakijaandikwa jina.

Nageuza gari.