Gita Linalokoroma

Jumapili, 7 Januari 2018

Leo kanisani nimeteuliwa! Si na Roho Mtakatifu, na Maurice tu, mkuu wa kwaya, lakini siku hizi ni karibu sawa. Kanisa linataka magita ya kufundishia watoto, labda wataacha kukimbilia ibada ya Kiingereza kule ghorofani. Limenunuliwa moja kwanza, la majaribio. La bei rahisi, la mti, lakini unaweza kulichomeka kwenye ampli. Maurice akasema mbele ya watu wote: Papa Byamungu, wewe ndiye mjuzi wetu, kaa nalo wiki mbili. Ukisema ndiyo, tunanunua mengine na wewe unafundisha. Ukisema hapana, linarudi dukani na hadithi imekwisha.

Mimi nishindwe? Nimepiga Bukavu, Uvira, Kigoma, Kampala. Nimewachezesha magavana wawili na maaskofu ambao sitawataja. Kwenye kambi ya wakimbizi nilifunga nyuzi za breki ya baiskeli na bado wamama walilia. Gita la wanafunzi litaniambia nini?

Jumanne, 9 Januari

Nimelifungua. Kwa macho, zuri — rangi ya asali, bega moja limekatwa ili mkono ufike kwenye sauti nyembamba. Ubavuni lina kijisanduku: betri, vifungo vya besi na vya sauti kali, na kioo kidogo kinachokuambia uzi umelegea au umekaza. Yaani siku hizi mwanafunzi hahitaji masikio! Sisi tulikuwa tunatafuta sauti kwa kugonga chupa za bia. Baada ya kuzimaliza, bila shaka.

Nyuzi ziko chini, hazitaumiza vidole vya watoto. Bila umeme linajaza sebule. Kwenye ampli linasikika kama limekaa ndani ya ndoo, lakini kwa kuanzia linatosha. Mpaka hapo, ndiyo.

Halafu nikapiga solo yangu. Ile ya harusi. Likakoroma! Kila nikipeleka kidole cha mwisho — zzzz.

Euphrasie akauliza kutoka jikoni: Baba Lois, huo ni muziki au unanyoa nywele? Mke wangu huyo. Ananipenda sana, hawezi kujizuia.

Nimelilaza kitaalamu: limeegemea hita, na soksi ya mchele mkavu ndani ya tundu, inyonye unyevu. Bukavu wakati wa mvua, gita lisipolala karibu na mbabula ya makaa, asubuhi unalikuta limevimba. Mambo haya hawafundishi dukani.

Alhamisi, 11 Januari

Zamu ya ghalani, Shakopee. Boksi, skana, boksi. Nimerudi nimepiga kidogo. Linakoroma zaidi. Vidole viwili vya kushoto vimelala usingizi — baridi hii.

Jumamosi, 13 Januari

Sasa linakoroma kila mahali. Vile vyuma vya shingoni vimetokeza pembeni, vinakwaruza kiganja kama msumeno. Gita gani hili! Kesho kutwa nampigia Maurice simu: hapana.

Lois alikuwa ameegemea mlango na simu yake. Ana miaka kumi na minne, na tangu mwaka juzi hataki kusikia kwaya ya Kiswahili wala baba yake. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kama anaweza kujaribu. Na mimi, bingwa wa Kampala, nikamjibu kwamba gita bovu litamfundisha ubovu! Akainua mabega, akaenda.

Mtoto amekuja mwenyewe mpaka mlangoni na nimemrudisha. Akili hii nayo irudishwe dukani.

Jumapili, 14 Januari

Serah amekula kwetu baada ya ibada. Ni yule Mkenya wa kinanda, nesi katika hospitali moja hapa Saint Paul, mwanamke asiyeogopa mtu. Akaliona gita pale kwenye hita. Akavuta soksi kutoka kwenye tundu, mchele ukamwagika kwenye zulia. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Baba Lois! Unapika gita pilau?”

Nikamweleza habari ya unyevu. Akaniuliza, unyevu upi? Si huwa nashtuliwa na umeme kila nikigusa kitasa? Si napaka Vaseline midomo inapasuka? Basi na mti nao unapasuka. Huku wakati wa baridi gita linakufa kwa kiu, na mimi nalibanika! Ameniagiza nilitoe pale, nilifungie kwenye mfuko wake na sponji yenye maji ndani ya kisahani cha sabuni. Baada ya siku kadhaa litarudi hali yake.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimemkumbatia Serah, nimemkumbatia Euphrasie, ningekumbatia hata hita. Ni ukavu tu! Nilikuwa nimeanza kuogopa kitu kingine.

Alipokuwa akivaa koti Serah akaniuliza kwa nini nashika kikombe kwa mkono wa kulia tu. Nikamwambia mkono wangu wa kushoto ni msanii, Jumapili haufanyi kazi. Hakucheka. Akasema nipite kazini kwao wauangalie. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Alhamisi, 18 Januari

Gita linakunywa maji yake. Nimepitisha kiganja shingoni: halikwaruzi tena. Sijalipiga. Naliacha lipone kabisa.

Kazini boksi limeniponyoka. Si zito. Sahani tu.

Jumamosi, 20 Januari

Nimelitoa. Nimeweka betri mpya. Nimeliweka sawa kwa masikio, kisha nikaangalia kile kioo — sikukosea hata uzi mmoja! Nikaanza solo ya harusi.

Zzzz.

Polepole. Zzzz. Nikakandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe. Zzzz.

Nikasema natoa takataka. Nilikuwa narudi kwenye korido ya jengo niliposikia. Solo yangu! Ya kukwama-kwama, ya kitoto, lakini safi. Kila uzi unalia kama glasi. Nilifungua mlango taratibu. Lois, mgongo kwangu, kidole chake cha mwisho pale pale kinaponishinda. Kumbe siku zote alikuwa anasikiliza kupitia ukuta.

Gita ni zima. Gita halina kosa lolote.

Euphrasie aliniona nimesimama na koti. Nilingoja kichekesho chake, hakikuja. Akakichukua kile kidole changu cha mwisho, akakibana kwa nguvu, akauliza, unasikia?

Nikasema nasikia.

Jumapili, 21 Januari

Asubuhi. Leo nasema ndiyo au hapana.

Nikisema hapana, linarudi dukani na mimi nabaki Byamungu wa Kampala mpaka nizikwe. Hakuna atakayejua. Lois atarudi ghorofani. Nikisema ndiyo, yatakuja magita, watakaa watoto kwenye viti, na mwalimu wao atakoroma mbele yao. Jana usiku nilimpigia Serah simu, anasema yako matibabu. Lakini alisema kwa ile sauti ya manesi — naijua, nimewahi kumpeleka baba yangu hospitali.

Nilikuwa naandika haya Lois akaingia, amevaa tayari, gita mkononi. Akaniambia kwa Kiswahili! Kibovu, lakini Kiswahili: Papa, ile ya harusi, mimi nakosa katikati. Onyesha mkono. Akaniwekea gita mapajani. Daftari liko juu ya tumbo la gita sasa, kalamu inagonga mti kila nikiweka nukta.

Euphrasie ameshawasha gari lipate joto. Lois amekaa chini mbele yangu, anatazama vidole vyangu vya kushoto.

Nimemwambia angoje, Papa anamalizia kuandika. Basi naandika.