Ubao Uliotoa Jasho

Omera Ochieng', ndugu yangu,

Lala tu, usiamke. Najua ukisikia sauti yangu unadhani nimekuja kuazima msumeno. Huo nilishauchukua siku ya matanga, wakati watu wanalia.

Nina habari. Unakumbuka ile kandarasi ya mashua za serikali? Nusu ya mashua za hapa Dunga zilitoka mikononi mwako, lakini karani alisema msimamizi lazima awe na digrii. Ukamwuliza, "Hiyo digrii inaelea?" Nilicheka mpaka askari akanitoa nje. Wewe hukucheka.

Sasa digrii wameiondoa. Kweli! Tangazo limebandikwa kwa chifu: anayetaka kusimamia ujenzi aje aonyeshe kazi. Binti yako Atieno akasema anaenda. Nikamwambia, "Mwanangu, watakucheka." Akanijibu, "Baba alichekwa. Nimezoea."

Wakawapa waombaji mashua kuukuu pale mchangani: tafuteni inapovuja. Kijana mmoja mwenye digrii akataka isukumwe majini. Atieno akaomba ndoo. Akaijaza mashua maji ndani ikiwa nchi kavu, vile ulivyokuwa ukifanya, kisha akaizunguka polepole, kipande cha makaa cha kuchorea mkononi. Na ndoo alibeba nani? Mgongo wangu unakulaumu wewe.

Hakuna tone. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nikaanza kusali, fikiria, mimi! Halafu kule chini kabisa ubao mmoja ukatoa jasho. Akachora alama hapo hapo.

Kazi ni yake, omera. Yule kijana atampimia mbao. Hesabu anazijua sana, usimtukane. Na msumeno nimempa Atieno. Mimi mwizi, lakini nina mipaka.

Jambo moja bado linanichoma. Siku ya mazishi mimi ndiye niliyesoma historia yako. Nilipofika pale pa masomo karatasi ikasema "darasa la pili". Watu wakacheka, na mimi, mjinga, nikacheka nao. Nisamehe.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Siku mashua ya kwanza ya Atieno ikiteremka ziwani, nitakuja hapo kaburini na karatasi ile ile, nisome upya, kwa sauti, hata kama ni mbuzi tu wanaosikiliza: "Masomo: alimfundisha Atieno."

Ni mimi,
Odongo