Shangazi Mwanamize, Mchukuzi wa Vichupa vya Damu

Mwaka umetimia, Shangazi Mwanamize, tangu ile Alkhamis uliyotutoka. Nyumba ya Khuwair ya Kusini imebaki na sauti moja tu, yangu, nayo haina wa kumsemesha.

Miaka ishirini na mbili ulichukua vichupa vya damu kutoka wodini hadi maabara, na hakuna hata kimoja kilichokupotea. Cha kupimia vitamini A ulikifunga foili, ile ile ya kuokea samaki, kwa sababu mwanga unaiharibu. Nyumbani nako ukawa unafunga foili kila kitu: ndimu, dawa, hata pete zako.

Uliponileta huku ugenini kutoka Pemba, wazee wangu walikuwa wameshafariki, na nilikuwa na skuli ya msingi tu. Karatasi zangu za ukaazi zilichelewa, skuli ikanipita. Ukanisomesha wewe, jikoni.

"Vitamini A ni jamaa wa mafuta," ulisema huku unakuna nazi, "na damu ni maji. Haiwezi kwenda peke yake. Ini linatengeneza protini ya kuishika. Lakini hiyo protini ni ndogo, ingechujwa na figo ikapotea. Basi nayo inashikwa na protini nyingine, kubwa kuliko yenyewe. Wanakwenda wameshikana hivyo mpaka machoni."

"Na wakishafika?"

"Ile ndogo ikishakabidhi mzigo, mwenziwe anaiachia. Figo linaichukua."

"Maskini."

"Protini hiyo, Jumana," ukacheka, "si yatima."

Kisha ini lako likaugua. Ukaanza kushika ukuta kabla ya Magharibi, na siku moja ukakosa kidato cha ngazi. Niliingiwa na khofu. Nikajiambia, macho si vitamini A? Nikaenda sokoni Matrah kwa muuza samaki, nikanunua mafuta ya ini la papa, nikawa nayatia kwenye katlesi zako bila ya kukwambia. Wiki tatu nzima. Kila Alasiri ulishuka na kifurushi chako cha foili, ukasema ni miba ya samaki ya kuwapa paka wa chini, nami nikarudi jikoni nimefurahi kwa kuwa sahani yako tupu.

Siku ya kupimwa, muuguzi mgeni alikutoa damu akaiacha wazi mezani. "Mwanangu, ifunike hiyo," ulimwambia. "Mie na miguu hii sikuja mpaka hapa damu yangu iharibike." Akaenda kutafuta foili. Ulikuwa nayo mkobani.

Majibu alitupa Daktari Aseel. Vitamini kwenye damu ilikuwa kidogo kwa sababu protini ya kuibeba ilikuwa kidogo; ini limechoka kuitengeneza. "Ukimshindilia mafuta," akasema, "yanakwenda kukaa kwenye ini hilo hilo gonjwa, na yanaweza kulizidishia."

Nikamwambia nilichofanya, mbele yako. Akasema niache, na kwamba ini hilo liliugua zamani. Lakini hakusema nimekudhuru, wala hakusema sikukudhuru.

Kwenye teksi sikuweza kukutazama. Ukanishika mkono.

"Waulize paka wa chini. Wiki tatu hizi wanamuona panya tangu hajazaliwa."

"Ulijua?"

"Nna pua, mwanangu. Katlesi zinanuka bandari nzima."

"Zote uliwapa?"

"Nyingi."

"Na nyingine?"

Ukatazama taa za barabarani mpaka zikageuka kijani. "Nyingine ulikuwa umekaa mbele yangu, unanitazama. Ningefanyaje?"

Uliishi miezi mitano baada ya hapo. Nilikushusha ngazi kwa mkono kila siku, na hukulitaja tena. Ami Ghassan, ndugu yako, hakuwahi kuambiwa. Leo anayasoma katika tangazo hili la kumbukumbu, pamoja na watu. Mwaka mzima nimelala na hizo "nyingine", nikizihesabu, nisijue ni ngapi. Ulikula kwa kunionea huruma, Shangazi. Nisamehe. Najua ungeniambia nisikae kwenye baridi ya feni nikilia.

Siku hizi nikishuka ngazi nashika ukuta, na macho yangu mazima.

Alasiri nawapelekea paka samaki, nimefunga foili kama ulivyofunga wewe. Wanakula, kisha wanatazama ngazi nyuma yangu. Nawaambia hayupo. Hawaondoki. Basi nami nakaa nao mpaka iadhiniwe.

Unakumbukwa na ndugu yako Ghassan na mkewe Shariffa wa Wadi Kabir, watoto wao Loay na Noof, wenzako wa maabara, na mimi, Jumana, uliyeniita mwanao. Allah alitie nuru kaburi lako.

Siku zote tulizobakishiwa, Shangazi, hutatutoka moyoni.