Majina Niliyojaribu Kufungulia

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila magoti yananisumbua. Jana alikuja fundi wa mtandao, aliyefanya kazi na marehemu mwanangu. Nilidhani amekuja kunipa pole.

Akafungua kompyuta, akanionyesha rekodi ya mawasiliano yanayoingia ofisini kwao. "Mama, mtu akijaribu nywila moja baada ya nyingine kwenye akaunti moja, kwetu huyo ni mwizi. Tuliifuta barua pepe ya kazini ya mwanao na vyote vilivyokuwamo, ndiyo kanuni kwa akaunti ya aliyefariki. Baadaye ndipo nikasoma maneno yenyewe."

Akanisomea: jina la bibi, la paka wetu, na lako la utani, Kijiko.

"Mwizi gani huyu anamjua hadi paka?" akasema, akainamisha uso.

Ni mimi, mdogo wangu, kwenye kompyuta aliyoiacha nyumbani. Humo kwenye barua pepe ndimo alimohifadhi sauti zetu tukitaniana jikoni. Nilitaka kumsikia tu.

"Ungetuomba, tungekufungulia siku hiyo hiyo," fundi akasema nilipomweleza.

Niliona haya kuwasumbua watu kazini.

Nisalimie wanao, na wakipiga kelele waache.

Dada yako